Mguu Kwenye Filamu ya Kaka

9 Januari

Kaka,

Shikamoo. Sisi hatujambo, isipokuwa macho ya Mama yanazidi kupungua. Sasa mimi ananitambua kwa hatua na majirani anawatambua kwa vikohozi. Dawa ya presha anameza, lakini lazima nisimame mlangoni nimwone akimeza, la sivyo anaificha chini ya mto. Anakusalimu. Kila siku anakusalimu, hata siku ambazo hakuna anayekuja huko.

Karatasi ya Mama uliyotuma mwezi jana nimemsomea mara nne. Alipenda pale uliposema umeacha sigara. Mimi sikupenda, maana najua hujaacha, ila nilisoma kwa sauti nzuri. Utaratibu wetu ni ule ule: karatasi ya kwanza ya Mama, ya pili yangu. Na mimi hii nakuandikia wewe peke yako. Usinipigie simu. Tukipigiana simu tunagombana kabla ya salamu kuisha.

Haya. Juzi mteja kaniletea suruali ya kupunguza kiuno, kaifunga kwa gazeti. Nafungua, nakutana na uso wako. Umekaa na mwongozaji wa filamu, umevaa miwani nyeusi ndani ya nyumba. Kichwa cha habari: NYUNDO ASIMULIA ALIVYOTOROKA HOSPITALI KUPIGA WIMBO ULE.

Nikasoma nikiwa nimesimama. Kwamba wanatengeneza filamu ya maisha ya Kiberiti, mwimbaji wenu. Kwamba sehemu kubwa kuliko zote itakuwa ile ya mpiga dramu, yaani wewe, mwenye homa kali, unachomoa sindano ya maji mkononi, unaruka dirisha la hospitali, unafika studio umelowa mvua, unapiga zile sekunde kumi na moja za mwanzo ambazo hata watoto wa shule wanazigonga kwenye madawati. Halafu unazimia.

Hospitali gani, Kaka? Hukulazwa popote. Ulilala chumba cha nyuma, kitandani mwako, chini ya mablanketi mawili, na aliyekukanda kwa kitambaa cha maji wiki nzima ni mimi, mdogo wako wa kike. Na aliyepiga zile sekunde kumi na moja ni mimi. Miaka thelathini na nane nimekaa kimya kwa sababu ulikuwa unaumwa, nikaona haya kumnyang'anya mgonjwa. Lakini kukaa kimya ni jambo moja, na wewe kuruka dirishani ni jambo lingine kabisa.

Nina wivu. Nimeliandika neno lenyewe ili usihangaike kulitafuta. Mama nikimwogesha anakutaja wewe. Nikimkata kucha anawaambia majirani, "Mwanangu ndiye aliyepiga ule mwanzo." Mimi nashika wembe, naendelea kukata.

Mwambie mwandishi wa filamu aandike ukweli. Sitaki kingine.

Mdogo wako,
Fundi

---

2 Februari

KARATASI YA MAMA

Mama yangu mpenzi, shikamoo. Mwanao ni mzima, nakula vizuri, sigara nimesahau hata harufu yake. Filamu inaendelea. Watu wote hapa wananiheshimu, wananiita Mzee. Meza dawa zako mbele ya Fundi. Nitakuja mambo yakitulia. Mwanao, Nyundo.

KARATASI YAKO

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika na moto wake wote. Nimeisoma, nimeikunja, nimeisoma tena. Una haki ya kukasirika kidogo.

Lakini nisikilize. Filamu siyo daftari la mahudhurio. Filamu ina saa mbili tu, na ndani yake mtu azaliwe, aimbe, alewe, aachwe na mke, afe. Mwandishi alinikalisha siku tatu akiniuliza, "Mzee, hakuna kitu kikubwa kilichotokea siku mnarekodi?" Nikamwambia nilikuwa na homa. Yeye ndiye aliyeongeza hospitali. Kesho yake akaongeza dirisha. Mvua sijui ilitoka wapi, ila naambiwa lazima iwepo.

Na usidhani huku nakula raha. Wamepanga nyumba nzima, wameigeuza studio yetu ya zamani. Kila mtu ana kiti chenye jina lake mgongoni. Changu kimeandikwa MSHAURI. Anayemwigiza Kiberiti ana gari lake lenye kitanda ndani, na kuna mtu kazi yake ni kumshikia mwavuli. Anayeniigiza mimi ni mrefu kunishinda na ana meno yote, lakini kwenye filamu nzima anasema maneno ishirini na matatu. Nimeyahesabu. Kiberiti anasema peke yake kurasa na kurasa. Yule bwana amekufa miaka minane na bado ananipita! Ile sehemu ya homa ndiyo yangu pekee, Fundi. Wakiitoa, mimi nabaki mgongo nyuma ya mwimbaji.

Kuhusu wewe, nimewaambia. Umo kwenye filamu, usiwe na wasiwasi.

Kaka yako,
Nyundo

---

11 Februari

Kaka,

Shikamoo. Mama amefurahi kwamba unaitwa Mzee. Ameniambia nichague kitambaa akushonee shati. Yaani mimi nikushonee, yeye atashika kitambaa. Bomba la jikoni limepasuka, nimelifunga kwa mpira.

"Umo kwenye filamu." Nimo vipi? Hukusema. Wewe ukiwa na habari nzuri huwa unaandika ukurasa mzima, kwa hiyo mstari mmoja huo umenitia mashaka.

Filamu za wanamuziki wa roki nazijua kukupita. Kila Jumamosi alasiri, Mama akiwa na jirani, nakwenda sinema iliyo nyuma ya posta. Nimeona sita za aina hiyo, na zote ni moja. Mwimbaji anatazama kitu, sahani au taa au mwanamke, na palepale wimbo unamjia mzima, una kiitikio na kila kitu. Mke anasimama mlangoni na sanduku. Meneja ana tumbo. Anayemwaga pombe juu ya piano huwa anatubu kabla ya dakika ya mwisho. Hakuna hata mmoja anayebeba spika kupanda ngazi. Hakuna anayetapika kwa woga. Hakuna anayeshona yale mashati yanayong'aa. Yanatokea tu mwilini.

Sasa nikukumbushe siku yenyewe, labda homa ilikufuta kichwa. Nilikuja studio saa tisa mchana na mashati manne ya picha ya jalada. Kola ya Kiberiti ilikuwa bado na pini. Wakaniambia, "Kaka yako ameondoka, ana homa." Fundi mitambo wa studio alikuwa anatazama saa ukutani, studio mlikodi mpaka saa kumi. Kiberiti akanitazama akasema, "Wewe si ndiye unayepiga dramu za kaka yako akiwa hayupo?" Alikuwa amenisikia chumba cha nyuma, pale cherehani yangu na dramu zako zilipogombania nafasi. Nikaweka mashati juu ya kiti, nikavua kiatu cha kulia. Nilipiga mara moja tu.

Halafu nikaja nyumbani, nikakukuta chini ya mablanketi unatetemeka, nikaweka maji jikoni. Majalada yalipotoka, Kiberiti alisema jina langu litaandikwa kwenye sahani ya pili ya muziki, ya hii ya kwanza yameshachapwa. Sahani ya pili ikatoka. Mimi nikabaki nashona.

Jambo moja sikuwahi kulielewa. Kwenye msiba wa Baba, Kiberiti alinishika mkono akasema, "Sikumlaumu mama yako. Mzazi ni mzazi." Nilidhani amekunywa. Unajua alikuwa anazungumza nini?

Fundi

---

20 Machi

KARATASI YA MAMA

Mama, shikamoo. Kazi zimenibana ndiyo maana nimechelewa. Shati nalisubiri kwa hamu, shingo yangu ni ile ile. Nakukumbuka kila mlo. Nyundo.

KARATASI YAKO

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba, na salamu nyingi kupita kawaida. Hujambo? Biashara inakwendaje? Funga hilo bomba kwa waya juu ya mpira.

Kuhusu maneno ya Kiberiti msibani, sikumbuki. Alikuwa mtu wa maneno mengi.

Nina shida ndogo. Mwongozaji anataka zile sekunde kumi na moja zionekane karibu kabisa: mikono, halafu mguu peke yake juu ya kanyagio la dramu kubwa, ujaze kioo chote cha sinema. Sauti itakuwa ile ile ya sahani ya zamani, kwa hiyo mguu lazima uifuate sawasawa. Kijana anayeniigiza amejitahidi wiki tatu. Mikono anaiweza. Mguu, hapana. Wameleta wapiga dramu wawili wa kukodi, na wao wameshindwa, wanakaribia tu. Jana mwongozaji akageuka mbele ya watu wote, akasema, "Mzee, kaa wewe utuonyeshe."

Nikasema mgongo unauma.

Niandikie unavyofanya. Kisigino kinaanza au vidole? Chora kama unaweza. Tafadhali jibu haraka, na usimwambie mtu.

Kaka yako

---

25 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mama mzima. Bomba limepona.

Nimecheka mpaka nikachoma kidole kwa pasi. Miaka thelathini na nane watu wanakupigia makofi kwa ule mwanzo, nawe unaniuliza kama ni kisigino au vidole! Kumbe ndiyo maana kwenye maonyesho ulikuwa unaanza wimbo kivingine, na magazeti yakaandika "Nyundo hapendi kujirudia."

Kuchora siwezi, mguu haupiti posta. Wenzako wote wanapiga kwa vidole, wanaunyanyua mguu kila pigo. Mimi nilijifunza kwenye cherehani ya kukanyaga: kisigino kinashuka, vidole vinashuka, mguu haunyanyuki kamwe, ukiunyanyua uzi unakatika. Mpaka leo ndivyo ninavyoshona. Huwezi kufundishwa hilo kwa wiki tatu.

Nakuja mwenyewe. Tuma tiketi ya basi. Jirani atakaa na Mama siku nne. Na nataka unitambulishe mbele ya huyo mwongozaji kwa maneno haya: "Huyu ndiye aliyepiga." Maneno matatu tu. Wewe umepewa ishirini na matatu.

Fundi

---

14 Mei

Kaka,

Shikamoo. Nimefika salama, Mama nimemkuta salama. Jirani alimlisha vizuri, ila alimwachia afiche dawa. Nimezikuta kumi na moja chini ya mto. Mama ananiuliza kila saa, "Kaka yako amenenepa?" Nimemwambia ndiyo.

Nimengoja siku tano kabla ya kuandika ili nisikutukane.

Nilikuomba unitambulishe. Ukanitambulisha: "Huyu ni mdogo wangu, fundi nguo, ana mguu mwepesi." Mguu mwepesi! Mwongozaji akanipa mkono kwa adabu, akaniletea viatu vya kiume namba arobaini na mbili. Mimi navaa thelathini na tisa. Nikajaza vipande vya kitambaa mbele. Wakanivisha na suruali yako, yaani ya yule kijana. Nikakaa kwenye kigoda. Mikono yangu ikakaa mapajani kama ya mgeni, maana haikutakiwa. Sahani ikawekwa. Nikakanyaga.

Nilipiga mara moja tu, kama siku ile. Mwongozaji alisema "Ee Mungu wangu." Nikageuka nikutazame. Hukuwepo. Kiti cha MSHAURI kilikuwa kitupu. Ulikwenda wapi, Kaka? Nimekuja safari ya kutwa nzima, na kwa zile sekunde kumi na moja ukapotea.

Halafu nikiwa nakunywa chai wakanionyesha binti mmoja mzuri, kiuno hiki hapa, wakaniambia kwa furaha, "Huyu ndiye wewe!" Nikamwuliza, "Mwanangu, unafanya nini kwenye filamu?" Akasema, "Naleta chupa ya chai studio. Nasema, 'Kaka, usiende, unaumwa.' Halafu nalia."

Kumbe ndiyo "umo kwenye filamu". Nimeleta chai! Mimi niliyeleta mashati manne na kupiga wimbo, nimeleta chai na kulia. Nilimwonea wivu hata yule binti, maana yeye angalau uso wake utaonekana. Nikamwonea wivu kijana wako kwa meno yake. Nimemwonea wivu marehemu. Lakini wewe, Kaka, wewe nimekuonea wivu kwa namna nyingine, kwa sababu mguu ni wangu na kiatu ni chako, na watu watatazama kiatu.

Mama anangoja karatasi yake. Mimi nangoja jibu la swali moja. Ulikwenda wapi?

Fundi

---

2 Juni

KARATASI YA MAMA

Mama, shikamoo. Shati limenikaa vizuri sana, watu wameuliza nani kashona. Nyundo.

KARATASI YAKO

Mdogo wangu,

Nilikuwa kwenye ngazi.

Nimeandika barua hii mara tatu, nikaichana. Sasa nitaandika bila kurudi nyuma.

Siku ile ya studio sikuwa na homa. Tangu asubuhi nilikuwa nimejaribu ule mwanzo mara ishirini na sita. Fundi mitambo alikuwa anazihesabu kwa chaki ukutani. Kiberiti aliniambia kwa upole, "Pumzika kidogo," na ule upole ndio ulionimaliza. Nikasema najisikia homa, nikatoka. Nikakaa kwenye ngazi. Nikakusikia unapanda unaimba, na mfuko wa mashati unachakacha, nikapanda juu zaidi nisionekane. Mlango ukafungwa. Kisha nikakusikia unapiga.

Nilijua palepale. Mtu wa kazi anajua. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, dramu ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho, na mdogo wangu mwenye futi ya kupimia shingoni amekaa dakika moja akafanya nilichoshindwa kutwa. Nilishuka nikakimbia nyumbani nikaingia chini ya mablanketi. Ulipokuja na kitambaa cha maji nilikuwa natetemeka kweli, ila haikuwa homa. Ulinikanda wiki nzima. Kila ukinigusa paji la uso nilikuchukia.

Na safari hii ulipokaa kwenye kigoda nikatoka tena. Ngazi nyingine, mtu yule yule.

Hilo la Kiberiti nalikumbuka. Wiki ile aliniambia, "Mwambie dada yako tunamtaka bendi. Tutakuwa na dramu mbili, ninyi ndugu wawili, hakuna bendi yenye kitu kama hicho." Mimi nikakaa siku mbili, nikarudi nikamwambia Mama amekataa. Kwamba Mama kasema akikuona jukwaani atakulaani. Mama hakuulizwa. Mama hajui. Kiberiti aliamini mpaka anakufa, ndiyo maana, ukiacha msiba wa Baba, hakuja kumsalimu tena.

Nilikwenda kwa mwongozaji jana. Nilitaka kusema. Aliniambia kupiga picha kumekwisha, kilichobaki ni kukata na kuunga vipande. Nikashukuru, Fundi. Huo ndio ukweli wangu wote: nilishukuru.

Kaka yako

---

28 Julai

KARATASI YA MAMA

Mama, shikamoo. Mbona kimya? Fundi anaumwa? Nyundo.

KARATASI YAKO

Mdogo wangu,

Hujajibu. Najua kwa nini. Nimekusanya ujasiri wa kukupigia simu mara mbili, nikakata kabla haijaita.

Filamu inafika sinema ya huko mwezi wa tisa. Nimetuma tiketi mbili ndani ya bahasha hii, za Jumamosi alasiri. Usipotaka kwenda, zichome. Lakini Mama mpeleke, tafadhali, hata kama haoni.

Nyundo

---

21 Septemba

Kaka,

Shikamoo.

Barua yako ya mwezi wa sita niliisoma cherehanini, nikamaliza, nikashona mapazia ya shule nzima bila kusimama. Nilishona hata pazia la dirisha ambalo halikuagizwa. Halafu nilikaa nafikiria maisha ambayo sikuishi. Nilijiona jukwaani, nina miaka ishirini na miwili, kiatu kimoja. Nilikuwa nadhani wivu wangu ni mkubwa. Wako ulininyima kila kitu, Kaka, na ukakaa kitandani ukala supu yangu. Nilikuchukia miezi mitatu kila siku. Karatasi za Mama nilimsomea, yako sikuweza kuigusa tena.

Jana tulikwenda sinema.

Mama alivaa kitenge chake cha kutokea. Nilimkalisha safu ya tano. Kwa kuwa haoni, nilikuwa namnong'oneza: sasa Kiberiti ni mtoto, sasa ana gitaa, sasa analewa. Mvua ilinyesha mara nne. Mke alisimama mlangoni na sanduku, nilimwambia Mama, "Ndiyo huyo, nilijua atakuja." Wewe ukaruka dirishani, watu wakashangilia. Mama akashangilia na yeye, akasema kwa sauti, "Mwanangu huyo!" Nikauma mdomo.

Binti wa chai akaja, akalia, akaondoka.

Halafu mguu. Umejaza kioo chote, kiatu cheusi namba arobaini na mbili. Unajua redio yetu ni ndogo, inatoa sauti ya mikono tu, mguu hausikiki. Mama amesikiliza wimbo ule miaka thelathini na nane kwenye redio hiyo. Lakini pale sinema spika ziko ukutani pande zote, na viti vilitikisika. Mkono wake ulikuwa juu ya goti langu, ndivyo tunavyokaa gizani, ili ajue niko. Na goti langu lilikuwa linakwenda lenyewe. Wallahi sikuliambia liende.

Mama akageuza uso akanikabili, kana kwamba anaona.

"Ni wewe," akasema.

Nikasema, "Mama, sikiliza filamu."

"Nasikiliza. Hiyo ni cherehani yako. Nimekaa jikoni nikiisikia miaka mingapi? Kaka yako anapiga kama mtu anayebisha hodi. Ni wewe."

Mtu wa mbele akatuambia nyamazeni. Mama akamwambia, "Nyamaza wewe, mwanangu anapiga." Mwanangu! Nimelingoja neno hilo mpaka nimeota mvi, na likaja gizani kwa mtu tusiyemjua anayetafuna karanga. Nililia, Kaka. Nililia kuliko binti wa chai.

Tulipotoka tukakaa kwenye benchi la posta, akataka kupumzisha miguu. Akaniuliza, "Siku hiyo kaka yako alikuwa wapi?"

Barua yako nilikuwa nayo mkobani. Naijua kwa moyo, ngazi zote, chaki yote. Nilifungua mdomo niseme. Nikamwambia, "Alikuwa na homa, Mama."

Sijui kwa nini. Labda mazoea. Ila ujue ndiyo mara ya mwisho mimi kukuuguza.

Maana hakuishia hapo. Alishika kidole changu cha shahada, hiki chenye sugu ya sindano, akauliza, "Sasa mbona hukwenda nao? Mtu anayepiga hivyo? Nani alikukataza?"

Aliyenikataza ni yeye mwenyewe, ulivyomwambia wewe Kiberiti. Amekuwa akiwakatia watu ndoto bila kujua, na kushangaa kwa nini Kiberiti hakuja tena kumsalimu. Nikamwambia, "Nitamwuliza Kaka, ataandika."

Tangu jana hajakutaja kwa majirani. Amekaa dirishani na anasikiliza nashona. Asubuhi dawa alimeza bila kusimamiwa, akaniuliza kama mtu wa posta amepita.

Kwa hiyo, Kaka, safari hii usiandike karatasi mbili. Andika moja. Nitakaa karibu yake, nitaisoma kwa sauti, toka salamu mpaka jina lako, na sitaruka hata neno.

Mdogo wako,
aliyepiga